TUJIFUNZE KIINGEREZA: Ulipaswa Kungoja, Je, Ulingoja?

Juma hili twaanza na kisa cha dereva mmoja wa hapa Kolwezi, kijana mwaminifu na baba wa watoto. Alikuwa akipeleka shaba Zambia kwa njia ya Kasumbalesa. Aliagizwa amngoje mwenzake, ili malori mawili yafuatane usiku. Hakumngoja. Njiani sehemu ya mzigo iliibiwa, na tajiri wake akamtaka aeleze habari kwa barua ya Kiingereza.

Kijana alitaka kukiri kosa. Basi akaandika: “I had to wait for my friend.” Moyoni alikusudia: nilipaswa kumngoja rafiki yangu. Lakini tajiri alisoma: ilinibidi kumngoja, nami nikamngoja. Mwenzake alipoulizwa, akasema hakungojwa hata kidogo. Hivyo aliyetaka kusema kweli akahesabiwa kuwa mwongo, akakaribia kufukuzwa kazini kwa ajili ya maneno mawili.

Kosa latoka wapi? Latoka katika lugha yetu wenyewe. Tukisema “nilipaswa kungoja”, hatujasema kama tulingoja. Msikilizaji hutazamia neno lifuatalo: “nikangoja”, au “lakini sikungoja”. Kiingereza hukata shauri mapema zaidi.

Njia ya kwanza ni “had to”. Wajibu ulikuwapo, nao ukatimizwa. “I had to wait for him”: ilinibidi nimngoje, nikamngoja.

Njia ya pili ni “should have”, au “ought to have”. Wajibu ulikuwapo, nao haukutimizwa. “I should have waited for him”: ilinipasa kumngoja, lakini sikumngoja. Hili ndilo neno alilolihitaji dereva wetu.

Katika kukanusha, tofauti ni ile ile. “I did not have to pay for it”: sikulazimika kukilipia. “I should not have paid for it”: nilikilipia, nami nilikosea.

Tena jihadharini na “must have”. Wengi hudhani ya kuwa ni “must” ya wakati uliopita. Sivyo. “He must have waited for us” maana yake: bila shaka alitungoja. Hapo twakisia tu, hatutaji wajibu. Waliosoma Kifaransa na wakumbuke kwamba “j’ai dû attendre” yaweza kuwa na maana zote mbili, ya kulazimika na ya kukisia, Kiingereza huzitenga. Lakini “j’aurais dû attendre” ni “I should have waited” barabara.

Sasa tutazame lile neno dogo “for”. Mwenye Kifaransa hulisahau, kwa sababu “attendre” na “payer” havihitaji neno kama hilo mbele ya kitu. Kiswahili chaweza kutusaidia. Sisi twamlipa mtu, lakini twalipia kitu. Maana mpya tumeitia ndani ya kitenzi chenyewe. Mwingereza huiweka nje, nyuma ya kitenzi: “pay the driver”, lakini “pay for the bread”. Vivyo hivyo “look at” ni kutazama, “look for” ni kutafuta, na “look after” ni kutunza. Mzazi akibadili neno hilo dogo, mtoto aliyetunzwa atakuwa mtoto aliyetafutwa!

Na neno hilo halimwachi mwenzake, hata kama kitu chenyewe kimetangulia: “the friend I should have waited for”; “the medicine we had to pay for”.

Zoezi la juma hili. Tafsirini:
1. Ilitubidi kulipia dawa za mtoto, tukazilipia.
2. Ilikupasa kumtunza mdogo wako, lakini hukumtunza.
3. Hawakulazimika kulipia maji.
4. Bila shaka mama alikutafuta.
Majibu yatatoka juma lijalo.

Tusidhani haya ni mambo ya shule tu. Katika Misale iliyotolewa na Papa Paulo wa Sita mwaka 1970, Kanisa liliongeza jambo katika sala ya kukiri dhambi mbele ya ndugu: pamoja na mawazo, maneno na matendo, twakiri pia mema tuliyopaswa kuyatenda tusiyatende. Mkristo basi ahitaji kujua tofauti ya “had to” na “should have”, kwa lugha yoyote asaliyo.

Dereva wetu tulimsaidia kuiandika barua upya: “I should have waited for him, and I did not.” Alikatwa sehemu ya mshahara, kama ilivyokuwa haki. Lakini kazi hakuipoteza, wala jina lake.