Kumfukuza Mhasibu Hakuokoi Msitu

Tangu Rais Donald Trump asimamishe misaada ya Marekani kwa nchi za nje, Januari 20, 2025, mashirika ya mazingira ya huku kwetu yamekuwa yakipunguza watu. Hilo halina lawama. Fedha zikikatika, mishahara hailipiki. Kinachokera ni nani anayetangulia kuondolewa. Katika mashirika kadhaa ninayoyafahamu, panga limeanzia idara ya fedha: mhasibu msaidizi kaagwa, mtunza fedha kaagwa, na meneja wa fedha kaachwa peke yake na makabati ya hati. Eti kinachobaki kiende chote kwenye miti. Huo ni uamuzi mbovu, hata ukipambwa kwa maneno matamu ya uhifadhi.

Wanaoutetea husema mchangiaji alitoa kwa ajili ya mikoko, si viti vya ofisini. Husema pia kwamba programu za uhasibu siku hizi zinafanya kazi ya watu watatu. Sawa, programu hujumlisha haraka. Ila haijawahi kumtilia mtu shaka.

Wafadhili nao hawajasaidia. Umoja wa Ulaya, katika ruzuku zake za miradi ya nje, huweka ukomo wa asilimia 7 kwa gharama zisizo za moja kwa moja. Kwa kila shilingi milioni 100 za shughuli, milioni 7 ndizo zilipe kodi ya ofisi, umeme na wote wanaoitwa "utawala". Kwa hiyo mshahara wa mhasibu hukatwa vipande na kubebeshwa miradi: robo mikoko, robo majiko banifu, robo ufugaji nyuki. Mradi mmoja ukifungwa, robo ya mhasibu inaondoka nao.

Lakini hoja inayomaliza ubishi ni mgawanyo wa majukumu. Anayeandaa hati ya malipo asiwe anayeidhinisha. Anayeidhinisha asiwe anayeshika fedha. Anayeshika fedha asiwe anayelinganisha daftari na taarifa ya benki. Kanuni hiyo haitekelezeki bila watu. Chukua malipo ya kila siku: ofisa mradi amepewa masurufu akanunue miche kwa kikundi cha akina mama kijijini. Anarudi na karatasi yenye majina 30 na sahihi. Kikundi hakina mashine ya EFD ya kutolea risiti za kielektroniki, hivyo karatasi hiyo ndiyo ushahidi wote. Mhasibu anayeijua kazi yake huona kwamba sahihi tano zimetoka kwenye mkono mmoja. Hulinganisha idadi ya miche na hati ya mapokezi ya kitalu, kisha humpigia simu mwenyekiti wa kikundi. Sasa mpe karatasi hiyohiyo meneja aliyebaki peke yake, mwenye miradi minne na ripoti inayodaiwa Ijumaa. Atagonga muhuri tu. Na siku akiamua kujilipa mwenyewe, nani atamwona?

Atakayeona ni mkaguzi wa nje, mwaka ukishaisha, na wakati huo itakuwa ni kudaiwa. Gharama zilizokataliwa hurejeshwa kwa mfadhili kutoka kwenye mfuko wa shirika lenyewe. Ndugu wajumbe wa bodi, mnadai mnailinda miti, huku mkiwafukuza watu pekee ambao wangeweza kuthibitisha kwamba iliwahi kununuliwa?

Machi 5, 2025, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuzuia amri ya kuitaka serikali ya Trump ilipe karibu dola bilioni 2 za misaada hiyo kwa kazi zilizokwisha kufanyika. Deni la namna hiyo hudaiwa kwa hati: kazi ilifanyika lini, kwa gharama gani, nani aliidhinisha. Asiyekuwa na hati hana dai. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kama lazima mkate, uzeni gari moja na futeni warsha za hotelini. Idara ya fedha ibaki na watu wasiopungua wawili, mmoja wa kuandika na mwingine wa kukagua. Shirika lisiloweza kuwalipa hao wawili lisiitie saini ruzuku inayofuata.