Kisu cha mhunzi tunakionea

Kimya kilikuwa kirefu, na nina plasta kwenye kidole cha shahada kwa hiyo naandika kwa shida, mnivumilie.

Bumu lilipotoka nilijinunulia kisu cha kukunja barabarani, 15,000, kinang'aa kama kioo. Wiki ya pili namenya muwa, nikakandamiza kidogo tu, kikajikunja chenyewe. Damu mpaka kwenye daftari la Saikolojia!

Likizo nikapanda nacho Mamba, kwa baba mdogo wetu mhunzi, wa ukoo wa Washana. (Wale wa Historia mnawajua: marehemu Profesa Kimambo, kwenye kitabu chake cha 1969, ameeleza Washana walivyotawala Ugweno kabla ya Wasuya kuwapindua. Uhunzi Upareni si mambo ya juzi.) Akakikunjua, akashika bapa kwa vidole viwili, akalitikisa kushoto kulia. Likacheza. Akakifunga, akakiinua kwenye mwanga: bapa limelalia upande mmoja, linakwangua mpini. Halafu akakikunjua tena na kugonga mgongo wake kwenye gogo, mara moja tu, kufuli likaachia.

"Mwanangu, hiki ni cha kukatia keki."

Cha kwake anafua kwa springi ya gari chakavu. Chuma kile kina kaboni ya kutosha kushika makali: anakichoma mpaka kiive, anakichovya kwenye oili chafu, kisha anakirudishia moto mdogo kisije kikavunjika kama kigae. Umbo ni lake, habadilishi. Wewe unachagua urefu, na mpini wa mbao au wa pembe. Kufuli hakina, ila nyuma kuna mkia wa chuma unaokaa chini ya kiganja, ukikishika hakiwezi kujikunja.

Sisemi hakina kasoro. Alama za nyundo zinaonekana, ripiti haijakaa katikati, na ukikatia tangawizi ukakiacha bila kufuta, kesho kimekuwa cheusi. Jamaa yangu wa Uhandisi anabisha kwamba cha kiwandani kizuri kipo kwa bei nafuu, na ni kweli. Okapi zilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, siku hizi Afrika Kusini, mpini wa mbao tu, hazina mbwembwe. Kwa hiyo mimi sigombani na kiwanda. Nagombana na sisi wanunuzi. Barabarani nililipa 15,000 bila kufungua mdomo, sikutikisa hata bapa, eti kwa sababu kina maandishi ya kizungu! Mhunzi akisema 20,000 tunaguna, tunamwambia chuma chenyewe ameokota.

Na mimi ni mmoja wao, jamani. Mwaka juzi nilimshusha mpaka 8,000 na nikaja kujisifu hapa hapa bwenini. Mkaa, siku nzima ya kufua, 8,000. Kijana wake ameshaacha nyundo, anaendesha bodaboda Same, na sina uso wa kumlaumu.

Safari hii nimelipa 20,000 kamili. Baba mdogo akazihesabu mara mbili, akaniuliza kama nimeanza kazi.

Sasa ni maharage ya kafeteria mpaka bumu lijalo. Anayetaka kukishika aje chumbani, ila siazimishi.