Shahada ya Ugani Irudi Shambani

Kila mwaka maofisa ugani na walimu wa vyuo vya kilimo huomba ruhusa kwa waajiri wao ili wakasome shahada ya uzamili ya elimu ya kilimo na ugani. Wengi huelekea Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa Julai 1, 1984 kutokana na kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kusoma ni haki yao, na nchi inawahitaji. Lakini haikuwahitaji kwa ajili ya vyeti vya kutundikwa ukutani.

Wapo wanaodhani kuwa ugani ni somo jepesi, kimbilio la walioshindwa kemia ya udongo. Hiyo ni dharau isiyo na msingi. Mtaalamu wa mimea aweza kusema kwamba mahindi yapandwe sentimita 75 kati ya mstari na mstari, na sentimita 30 kati ya shimo na shimo, mche mmoja mmoja, ili hekta moja ipate miche 44,000 na ushei. Hesabu hiyo ni sahihi. Ugumu unaanza pale mkulima anapoisikiliza, akaitikia kwa heshima, kisha akapanda kama alivyozoea. Je, ni mkaidi? Au ana jembe moja, na mvua ya kupandia ni ya siku tatu? Au hana budi kupata maharage ya watoto humo humo katikati ya mahindi? Kulijibu swali hilo kwa ushahidi, pasipo kumlaumu mkulima, ndiyo kazi ya elimu hii.

Nayo si elimu ya jana. Mwaka 1943 Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha uchunguzi wao juu ya wakulima wa jimbo la Iowa, Marekani, na mbegu chotara za mahindi. Waligundua kuwa mara nyingi habari za mbegu hiyo zililetwa kwanza na wauzaji, lakini aliyemshawishi mkulima hata akaipanda alikuwa jirani yake. Na hata huko mbegu hiyo ilichukua miaka zaidi ya kumi kuenea. Afisa anayetaka kijiji kibadilike baada ya mkutano mmoja wa hadhara afikiri vizuri.

Chuo cha Sokoine chenyewe kilikwisha kuonyesha njia. Mwaka 1998, kwa ushirikiano na mfuko wa Sasakawa, kilianzisha masomo ya shahada ya kwanza kwa maofisa waliokwisha kuwa kazini. Mwanafunzi hutoka darasani akarudi kwa wakulima, akaendesha nao mradi kwa miezi kadhaa kabla ya kuhitimu. Mpango wa namna hiyo ulikuwa umeanza Cape Coast, Ghana, mwaka 1993.

Katika shahada ya uzamili hatari ni kubwa zaidi. Mwanafunzi huenda kijijini na hojaji, huwauliza akina mama maswali mengi wakiwa na majembe mabegani, kisha huandika tasnifu kwa Kiingereza, ikahifadhiwa maktaba. Waliotoa majibu hawaambiwi yalisema nini. Naye mhitimu akirejea wilayani hupewa meza, kalamu na taarifa za robo mwaka. Tangu TANU ilipotoa Siasa ni Kilimo huko Iringa mwaka 1972, imesemwa mara nyingi kuwa mahali pa mtaalamu ni shambani. Yaonekana kadiri anavyosoma ndivyo anavyosogezwa mbali napo.

Waajiri wasijitoe katika lawama hii. Halmashauri inayomruhusu afisa kwenda masomoni yafaa ikubaliane naye mapema juu ya tatizo la kata fulani atakalolichunguza. Akimaliza, aandike kurasa chache kwa Kiswahili na kuzisoma mbele ya mkutano wa kijiji kile kile, wakulima wamhoji. Mwalimu wa Uyole, Ilonga au Ukiriguru naye afundishe kwa mifano aliyoikusanya mwenyewe, maana wanafunzi wake ndio watakaotumwa vijijini. Na miaka miwili ya kwanza baada ya kurejea, afisa huyo asipewe kazi ya ofisini.