Mwaliko Usioruka Mlango



Mwezi huu tuzungumze juu ya kitu kidogo: karatasi ya mwaliko. Kiangazi ndicho kipindi cha feti za mtaa. Watoto wametoka masomo, njia za mlima zimekauka, maharagi yako nyumbani. Mara vijana wanauliza: tutapata wapi franka za kupiga mialiko kwa mashine? Hakuna haja. Kaye moja, biki moja na viazi viwili vinatosha. Swali kubwa ni lingine: mialiko hiyo itafika kwenye milango ya nani?

Fikirini Bijombo, kule juu milimani katika teritware ya Uvira. Pale wamejirani Wafuliru, Wanyamulenge, Wanyindu, Wavira na Wabembe. Katika vita vya 2018 na 2019 na miaka iliyofuata, vijiji vingi vilichomwa na watu wakakimbia. Mahali palipopita mambo kama yale, nyumba ikirukwa, mwenyewe hasemi tu, "Wamenisahau." Anasema, "Wamenitenga, kuna jambo wanalipanga." Kwa hiyo feti ya mtaa inaweza kuponya, na inaweza kuumiza kabla hata chungu hakijawekwa motoni.

Kwanza, hesabuni milango. Msianze na majina ya marafiki. Piteni njia yote na kuhesabu nyumba. Kama ni 30, tengenezeni mialiko 30. Msimwache mama mjane, wala jamaa ya wakimbizi waliopewa chumba nyuma ya nyumba ya mwingine. Msiandike orodha ya watu kwa makabila yao. Karatasi kama hiyo ikipatikana mfukoni mwa kijana, inaweza kumletea taabu. Na kabla ya yote mwendeeni shefu, mumwambie siku, saa na mahali. Mkutano unaojulikana hautishi mtu.

Pili, kazi ya mikono. Kaye ya kurasa 48 ina karatasi pana 12. Ondoa pini, kata kila karatasi pana vipande 4, utapata mialiko 48. Kila kimoja kikunje katikati.

Ya kupamba, tumia kiazi. Kikate vipande viwili, pangusa maji, chora nyota, ngoma au chungu juu yake. Halafu ondoa kwa kisu pembeni, ili mchoro ubaki umeinuka. Ukitaka kukata herufi, ikate kinyume, kama inavyoonekana katika kioo; bila hivyo itatoka imegeuka. Watoto wadogo wapige muhuri, kisu kibaki kwa wakubwa.

Gundi ni unga wa muhogo: vijiko 2 katika kikombe cha maji baridi, koroga vizuri, kisha pika polepole ukikoroga mpaka iwe nzito na ya kung'aa. Pika ya kutosha siku ile tu, maana haikawii kunuka. Ukiongeza maji kidogo na mkaa uliosagwa laini, una wino mweusi. Udongo mwekundu uliochujwa katika kitambaa utakupa rangi ya matofali. Ninyi wa Uvira, huku chini kando ya ziwa, mna maganda makavu ya mgomba: kateni nyumba, mtumbwi au samaki, mbandike. Ninyi wa juu tumieni maganda ya mahindi.

Mpe kila mtoto mialiko yake, asinakili ya mwenzake. Mwenye kupokea ataona kwamba mtu alikaa chini akafanya kazi kwa ajili yake.

Tatu, maneno. Yawe machache na wazi. Kwa mfano:

*Kwa jamaa yote ya nyumba hii. Tunawaalika kwenye feti ya mtaa wetu, Jumamosi, kiwanja cha masomo, saa 8 ya mchana (14 h) mpaka saa 11 (17 h). Hakuna mchango. Mwenye kiti aje nacho. Sisi watoto wa mtaa.*

Angalieni ile saa. Kwetu mmoja akisoma saa 8 anafikiri mchana, mwingine aliyezoea saa za Kifaransa anafika asubuhi. Andikeni zote mbili. Na feti iishe mapema, kila mtu afike kwake kabla ya giza.

Angalieni pia neno "Hakuna mchango." Siku hizi mialiko mingi ya arusi inakuja na bei ya kikwembe na mchango. Maskini anaisoma, anaikunja, anabaki kwake na kusema ni mgonjwa. Katika Luka 14 Yesu alimwambia mwenye karamu aite wale wasioweza kumlipa. Mkitaka chakula cha pamoja, viazi vya huyu na maziwa ya yule, ombeni kwa mdomo, siyo kwenye mwaliko.

Tena, katika kitabu cha Esta sura ya 8, barua zilikwenda katika majimbo 127, kila taifa kwa lugha yake. Basi andikeni Kiswahili kwa wote, na chini yake neno moja la "karibuni" kwa Kifuliru, Kinyamulenge au Kibembe, kwa kadiri ya nyumba. Msiojua muulize jirani. Kule kuuliza tayari ni mwaliko.

Nne, kupeleka. Waende vijana wawili wawili, wasiwe wa kabila moja. Wapige hodi, wasome kwa sauti, maana si kila mzee anasoma. Mchoro wa jua lililoanza kuinama utamkumbusha saa. Ujumbe wa simu ni mzuri kwa walio mbali, lakini hauketi ukutani mwa bibi asiye na simu.

Usiwasahau kaka zetu walio Misisi na Kamituga katika mashimo ya dhahabu. Wapelekee mwaliko mapema, kwa mkono wa mchuuzi au dereva anayeaminika. Wengi wao barua ya nyumbani wameijua kwa neno moja: tuma franka. Safari hii wapate karatasi yenye mchoro wa mtoto, inayosema tu, "Njoo."

Jirani fulani anaweza kukataa. Msikasirike. Acheni mwaliko mlangoni, na siku yenyewe wekeni sahani yake.

Ya kuzungumza nyumbani:
1. Ni mlango gani katika mtaa wetu hatujaupigia hodi mwaka huu?
2. Tunaogopa nini pale?
3. Nani kati yetu ataupeleka mwaliko huo?

Tuonane mwezi ujao.