Mwalimu Ntiro na jua la milima miwili

KUTOKA KITANGARI
Safu ya kila wiki ya Somoe Likwena

Mwambie mtoto wa shule ya msingi hapa Kitangari achore picha yoyote aipendayo. Atakuchorea nyumba ya mlango mmoja na madirisha mawili, mnazi ubavuni, na nyuma yake milima miwili iliyochongoka, jua likichungulia katikati. Mtoto wa Singida atakuchorea hiyohiyo, na wa Mwanza vilevile. Huku kwetu milima hiyo haipo. Tuna uwanda unaokatika ghafla pale Newala na kukuachia bonde la Ruvuma huko chini, na Msumbiji ng'ambo. Tuna mikorosho mpaka macho yachoke. Lakini mwalimu kachora milima miwili ubaoni kwa sababu naye alichorewa na mwalimu wake, na siku ya kusahihisha anayepata alama nyingi ni yule ambaye milima yake imelingana.

Kila nikikutana na picha hiyo namkumbuka Sam Ntiro.

Vijana wengi hawamjui, na siwalaumu. Sam Joseph Ntiro alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923 na akafariki mwaka 1993. Alishika vyeo vingi, lakini ukimvua vyeo vyote anabaki mwalimu aliyekuwa anachora. Aliingia Makerere mwaka 1944, Julius Nyerere akiwa bado hapohapo chuoni, akaangukia mikononi mwa Margaret Trowell, mama wa Kiingereza aliyeanza madarasa ya kuchora barazani kwake mwaka 1937. Trowell hakuwa na mtindo wa kuweka chungu cha maua mezani ili wanafunzi wakinakili. Aliwasimulia jambo: soko lilivyofurika, msafara wa harusi, kisa cha kwenye Biblia. Wao wakalitazama kwanza kichwani, kisha wakalichora. Ntiro alipomaliza, chuo kikambakiza afundishe.

Mwaka 1952 akapelekwa London, shule ya sanaa ya Slade, akakaa huko hadi 1955. Slade ya miaka ile ilikuwa chini ya William Coldstream, bwana wa vipimo. Mwanafunzi alikuwa anashinda mbele ya mtu aliyesimama uchi, penseli mkononi, akipima bega na nyonga mpaka zikae sawa. Humo ndimo alimokuwa Mchagga wetu, na katikati ya masomo hayo, mwaka 1953, kikachapwa kijitabu chake cha Kiswahili, Desturi za Wachagga. Mwili uko London, fikra ziko mgombani.

Aliporudi akaendelea kuchora kama alivyoondoka. Tazama picha zake: watu wadogo, wengi, nyuso zisizo na mambo mengi, migongo imeinama, kijani cha migomba kimejaa mpaka ukingoni mwa turubai. Na wote wana shughuli. Wanalima, wanavuna, wanajenga, wanabeba mizigo kichwani, wanakwenda harusini. Ni nadra kumkuta mtu amekaa peke yake akiwaza. Mlima anao, maana nyuma ya nyumba yao ulikuwepo mlima wa kweli. (Nakaribia kuamini kwamba milima miwili ya watoto wetu ni Kibo na Mawenzi vilivyosafiri kwa chaki mpaka Mtwara.)

Wako waliomcheka. Trowell alipoondoka Makerere mwaka 1958 akaja Cecil Todd na mwelekeo mwingine, wa kuwataka wanafunzi waijue sanaa ya kisasa ya Ulaya na nadharia zake. Kwa macho ya upande huo, Ntiro alikuwa mtu aliyelipiwa nauli ya London akarudi na begi tupu. Anachoraje bado kama mtoto?

Mimi nasema alijua na akachagua. Mtu hashindi Slade miaka mitatu asijue mkono unavyoungana na bega. Ila kwake bega halikuwa habari. Habari ilikuwa kwamba watu ishirini wanachimba mfereji mmoja. Ukimchora kila mmoja uso wake, mishipa yake na kivuli chake, mfereji unapotea, zinabaki sura ishirini. Akaona afadhali sura zipotee.

Hapo niko naye. Ninapoachana naye, au tuseme ninapoachana na Trowell ambaye Ntiro alimfuata kwa uaminifu mkubwa, ni hapa: kuchagua kwa ajili ya brashi yako ni jambo moja, kumchagulia mwanafunzi ni jingine. Trowell alihofia kwamba mafunzo ya Kizungu yatamharibu Mwafrika. Nia ilikuwa njema, lakini ndani yake kulikuwa na kitu kinachonikera, kana kwamba sisi ni maziwa, tukiguswa tunachacha. Ntiro aliweza kuyaacha ya Slade kwa sababu alikuwa ameyapata. Mwanafunzi ambaye hakuonyeshwa namna ya kufanya nyumba ya mbali ionekane iko mbali, yeye anaacha nini? Hana cha kuacha. Amekosa tu.

Mafundi wa vinyago wa huku kwetu walikwisha kulimaliza suala hili bila kuandika kitabu. Kijana anayejifunza kwa mjomba wake haambiwi afumbe macho awaze. Anapewa tezo. Anaonyeshwa namna ya kuishika, namna ya kuusoma mpingo kabla ya kuukata, wapi gogo lina ufa, lini uache tezo ushike patasi, na mwisho msasa mpaka mti ung'ae. Akikosea anapigiwa kelele, mpingo ni ghali na ukipasuka umepasuka. Ufundi wote anamwagiwa, hafichwi kitu. Lakini shetani gani atoke ndani ya gogo, hilo halimhusu mjomba. Ndiyo maana katika miaka ya 1950 mchongaji Samaki Likankoa aliweza kuchonga mashetani ya namna ambayo waliomtangulia hawakuyachonga, na watu wakayakubali na kuyafuata.

Fundi, mpe mtoto mkono, macho mwachie yake. Ntiro alikuwa sahihi kabisa kuhusu macho. Kuhusu mkono, namwona alikuwa na adabu kupita kiasi kwa mwalimu wake.

Hata jirani yetu wa Tunduru alilikuta tatizo hilo, ila kwa upande wa pili. Eduardo Saidi Tingatinga hakukanyaga chuo chochote cha sanaa. Mwaka 1968, akiwa Dar es Salaam, alianza kuchora wanyama kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, akakusanya ndugu na jamaa, akawafundisha kila alichokijua. Miaka minne baadaye risasi ya polisi ikamuua, akiwa kijana wa miaka arobaini. Wanafunzi wakaendeleza, na leo kazi hiyo inalisha familia nyingi mjini. Lakini wengi wao walirithi mkono pamoja na macho: tembo yuleyule, ndege walewale, na Kilimanjaro ileile nyuma kwa ajili ya mtalii. Milima miwili tena, imepungua mmoja.

Turudi kwa Ntiro. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 alipelekwa London kuwa Balozi wetu wa kwanza huko, akakaa mpaka 1964. Nchi ina wasomi wa kuhesabika, inahitaji kila mtu, na mmoja wa wachache hao anayetumwa kwa Malkia ni mchoraji. Sidhani kama leo jina la mchoraji lingefika hata kwenye orodha ya majina ya akiba. Mkewe, Sarah, Mganda, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata digrii Oxford, na aliporudi Uganda kufundisha alikataa mshahara wa kupunjwa kwa kuwa ni mwanamke, akasema afadhali afundishe bure kuliko kuupokea. Nyumba hiyo ilijua ualimu ni kitu gani.

Ntiro aliporudi nyumbani akawa kamishna wa utamaduni serikalini, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye idara ya sanaa, muziki na maigizo, akarudia kazi yake ya kwanza: kusimama mbele ya vijana.

Na picha zake ziko wapi? Mojawapo, ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ilinunuliwa mwaka 1960 na Museum of Modern Art ya New York. Wahenga wanasema mcheza kwao hutunzwa. Ntiro alicheza kwao maisha yake yote, akatunzwa na Wamarekani.

Sisi wa uwanda huu hatuna haki ya kushangaa, maana michoro ya babu zetu nayo iko ughaibuni. Mwaka 1906, majivu ya Majimaji yakiwa bado ya moto, Mjerumani Karl Weule alipita Masasi akapanda Newala. Pamoja na kukusanya vinyago na ngoma, aliwapa watu karatasi na penseli akawaambia wachore. Wakachora: wanyama, watu, ngoma, misafara, hata Wazungu wenyewe. Mnyapara wake wa msafara, Pesa Mbili, alikuwa mmoja wa wachoraji. Weule alieleza pia picha alizozikuta kwenye kuta za nyumba, na wapo watafiti leo wanaosema mizizi ya Tingatinga iko kwenye kuta hizo za kusini. Alipofika kwao Leipzig alichapa michoro mingi katika kitabu chake cha mwaka 1908. Watu ambao hawakuwahi kushika penseli walijua cha kuchora bila kuuliza. Wajukuu wao wana penseli tangu darasa la awali, na swali la kwanza wanalouliza ni, "Mwalimu, nichore nini?"

Jambo hili lina uzito sasa kuliko miaka kumi iliyopita, kwa sababu mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 una somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi. Nimefurahi, ila nawajua watu wetu. Kipindi chenye jina la michezo kitaishia uwanjani na mpira wa makaratasi, au kitamezwa na Hisabati wiki za kukaribia mtihani. Na pale kitakapofundishwa, atakayekifundisha ni nani? Hapa mjini kwetu tuna chuo cha ualimu. Watarajali wanatoka hapo kwenda kufundisha nchi nzima. Ningependa kila mmoja wao aondoke na daftari lililojaa michoro yake mwenyewe, hata ikiwa mibaya, kwa kuwa mwalimu asiyechora hana namna ya kufundisha kuchora zaidi ya kunakilisha.

Na cha kuchora kipo, tele. Nenda shambani mwezi Juni au Julai, alfajiri, upepo ukiwa bado umelala. Mtu anapita kati ya mikorosho na mashine mgongoni, inanguruma, na salfa inapanda kwenye matawi kama ukungu wa njano. Nguo, kofia, nyusi, vyote rangi moja. Amejifunga kanga usoni, yamebaki macho. Nyuma yake mkewe kabeba mfuko wa kuongezea. Baadaye, Oktoba na Novemba, ni foleni ya magunia kwenye ghala la chama cha msingi, karani na mizani yake, na wazee waliokaa juu ya mizigo wakisubiri bei ya mnada. Hizo ni picha za Ntiro tupu: watu wengi, kazi moja. Mchoraji ndiye hayupo.

Visingizio vya vifaa sivitaki. Mkaa upo jikoni, udongo mwekundu tunaukanyaga, mweupe wa kupakia kuta unachimbwa, na mama zetu wafinyanzi wamenakshi vyungu miaka yote hiyo bila kuagiza rangi dukani. Kisingizio ninachokiogopa ni kingine. Nilipowahi kupendekeza mbele ya maofisa fulani kwamba fundi wa vinyago aitwe shuleni hata mara moja kwa wiki, alipwe chochote, awashikishe watoto tezo, niliulizwa fundi huyo ana cheti gani.

George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 katika wilaya ya Masasi ya wakati ule, alipofika Nyumba ya Sanaa pale Dar es Salaam kutafuta riziki, kazi aliyoipata ilikuwa ya mlinzi wa usiku. Wakamwona anavyochora, wakampa nafasi akae na wasanii. Alipofariki mwaka 2005, mashetani yake ya rangi yalikuwa yameshaonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Hakuna aliyemdai cheti. Maofisa wangu wale nawauliza: cha fundi wa Newala mnakitakia nini?