Kaa Kwanza, Mjukuu Wangu

Binti alisimama mlangoni, kalamu mkononi. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa saba, nyumbani kwa bibi mmoja hapa Chemchem, Tabora, anayelea wajukuu. Binti alikuwa mwanafunzi wa ustawi wa jamii, amekuja fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, na mimi ndiye msimamizi wake. Alitoa shikamoo, akaitikiwa, na kabla marahaba haijatulia alikuwa ameshafika swali la pili la fomu yake: kaya ina watu wangapi? Bibi akasema sita, yeye na watoto watano. Kipato kwa mwezi je? Bibi alimtazama usoni, akautazama ungo wa karanga uliokuwa mapajani mwake, akasema, "Kaa kwanza, mjukuu wangu."

Binti hakukaa. Alikuwa na nyumba kumi na mbili za kumaliza fildi ile. Aliandika sita, akashukuru, akaaga.

Sikumkemea, kwa sababu nilijiona mimi. Nina miaka mingi katika kazi hii, na nilipoianza sikuwa nimewahi kukaa kwenye mkeka wa mtu yeyote kwa ajili ya kazi. Fildi yangu ya chuo niliimalizia ofisini, nikipanga mafaili, nikipeleka barua masjala na kuchemsha chai. Logbuku, daftari la kumbukumbu za fildi, ilijaa sahihi. Nikahitimu, nikaajiriwa, na wiki ya tatu nikaletewa mtoto wa kiume wa miaka kama kumi aliyeokotwa stesheni.

Anayeijua stesheni ya Tabora anajua kwa nini. Reli ilifika hapa mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1928 tawi la Mwanza likakamilika. Tangu hapo kila anayekimbia jambo kutoka magharibi au kutoka ziwani hushukia kwetu kubadili treni, na mtoto asiye na nauli hushukia kwetu akabaki. Nilimuuliza yule mtoto jina, akanipa. Kijiji, akakitaja. Nikaandika taarifa kwa muda wa saa moja, nadhifu, yenye vichwa vya habari nilivyofundishwa, nikampandisha treni na barua. Sikumuuliza amekimbia nini. Kwa kweli sikujua swali hilo linaulizwaje kwa mtoto anayekutazama viatu. Baada ya wiki chache nilimkuta stesheni tena, safari hii na jina jingine na kovu bichi begani. Alinitambua, akakimbia, na sikumwona tena. Kosa lile ni langu. Lakini nauliza pia: ni nani aliyenikabidhi mtoto yule, na alijuaje kwamba naweza?

Ndiyo maana siku ya tatu nilimrudisha binti kwa bibi. Nikamwambia fomu aiache kwangu.

Safari hii alikaa. Bibi akamsogezea ungo, wakawa wanamenya karanga. Muda mrefu hapakuwa na neno la maana. Kisha bibi akauliza, "Kwenu wapi?" Binti akasema Kisarawe. Kabila? Mzaramo. Bibi, Mnyamwezi, alipiga makofi kwa furaha. "Kumbe mtani wangu! Umeingia kwangu siku ile bila kunipa chochote, mwizi mkubwa wewe! Vua hiyo kanga unilipe." Binti alishtuka, akanitazama. Nikamwambia, jibu, huyo ni mtani wako. Akajibu, tena vizuri, akasema Wanyamwezi ndio wenye deni kwao tangu enzi za kubeba mizigo. Nyumba nzima ikacheka, na watoto waliokuwa wamejibanza uani wakatoka.

Wazee wetu husimulia kwamba utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani ulikomaa katika njia ya misafara, ile inayotoka Bagamoyo, ikapita hapa Unyanyembe, ikaenda hadi Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi akiugua Uzaramo, miezi mitatu mbali na mama yake, alihitaji mtu wa kumpa maji bila kuuliza malipo, na akifa, mtu wa kumzika. Mtani ndiye aliyekuwa na haki ya kuchukua kuku wako bila kuomba, na ndiye mwenye wajibu wa kukuosha na kukufukia. Mpaka leo kwenye misiba utamwona mtani akilala kaburini kuzuia mazishi mpaka apewe chochote, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Huyu binti alikuwa amebeba ufunguo huu mfukoni tangu azaliwe. Mwaka mzima na nusu wa masomo, hakuna mwalimu aliyemwambia kwamba ni ufunguo.

Tulikaa hadi jioni. Bibi alipotenga chakula alishusha sahani sita za watoto, akazitazama, akairudisha moja kabatini. Nilimwona binti ameona. Nilikuwa na hofu ataropoka, maana kimya ni kigumu kuliko swali. Hakusema. Alikula ugali na nsansa, mboga ya majani yaliyokaushwa, akasaidia kuosha vyombo, na walipokuwa wawili pale kwenye beseni bibi akaanza mwenyewe. Kuna mjukuu wa sita, msichana wa miaka kumi na tatu. Mwezi wa tatu, majani ya tumbaku yalipokuwa yanachumwa na kuingizwa kwenye mabani ya kukaushia, alichukuliwa kwenda upande wa Urambo "kusaidia kwa ndugu." Sasa ni mwezi wa saba, bado yuko huko, anachambua tumbaku kwa madaraja. Hajarudi shule. Na bibi amesikia kuna mtu ameanza kuzungumzia mahari.

Nimemwomba bibi ruhusa ya kusimulia haya, na nimebadilisha mambo mawili matatu ili nyumba yake isitambulike. Lakini sahani ile sikuibadilisha.

Mkoa wetu unajulikana kwa tumbaku na asali, na pia kwa ndoa za utotoni: utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 uliuweka miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini. Wanaofanya kazi kwenye tumbaku wanajua jinsi jani bichi lenye umande linavyopitisha sumu yake kwenye ngozi, mtoto akashinda anatapika na kuona kizunguzungu, na watu wakadhani malaria. Hayo yote binti alikuwa ameyasoma na kuyafanyia mtihani. Ila aliyasoma kama takwimu, na siku ya kwanza takwimu yenyewe ilikuwa imesimama mbele yake akaiandika vibaya: watu sita.

Sibezi vitabu. Mary Richmond, ambaye kitabu chake cha mwaka 1917 bado ni msingi wa namna tunavyochunguza shauri la familia, alikuwa mtu makini, na wanafunzi waendelee kumsoma. Jane Addams nampenda zaidi. Mwaka 1889 alifungua Hull House, Chicago, na jambo alilofanya ni kuhamia. Aliishi mtaa mmoja na wahamiaji aliotaka kuwasaidia, akasikia kelele zao za usiku. Wanafunzi wetu wanalikariri jina lake na mwaka, halafu tunawapeleka mtaani kwa siku moja moja kama wahesabu watu wa sensa.

Na si kwamba hatujui namna nyingine. Chuo chetu cha taifa cha ustawi wa jamii, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, kilishirikiana kuanzia mwaka 2006 na chuo cha Chicago chenye jina la Jane Addams kuandaa wasaidizi wa ustawi wa jamii, watu wa kawaida wa mitaani na vijijini, ili wasimame na watoto yatima na walio hatarini. Mpango wao ulikuwa siku chache darasani, kisha miezi sita ya kazi kwao wenyewe chini ya msimamizi, kisha kurudi darasani kuyazungumza waliyokutana nayo. Hebu tafakari. Mama wa mtaani alipewa miezi sita ya kusimamiwa, na mwenye diploma au shahada, ambaye kesho ataandika taarifa mahakamani, tunampa wiki kadhaa na logbuku.

Maana ataandika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemweka afisa ustawi wa jamii karibu kila mahali ambapo maisha ya mtoto yanaamuliwa: akae na baba au mama, apelekwe familia ya malezi, aasiliwe, au ametenda kosa na mahakama inataka kujua ametoka nyumba gani. Hakimu hawezi kwenda Chemchem kumenya karanga. Anasoma karatasi, na karatasi ile mara nyingi imeandikwa na kijana wa miaka ishirini na minne.

Watu wanasema tatizo ni uchache wetu. Ni kweli, kata nyingi hazina afisa wake. Mtaani ofisi yetu wanaiita "ustawi" tu, na "nitakupeleka ustawi" ni neno zito kwa baba asiyetoa matunzo, lakini akifika hapo atakuta foleni ya kina mama na afisa mmoja. Tumehamishwa pia, kutoka wizara ya afya hadi wizara mpya ya maendeleo ya jamii iliyoundwa mwaka 2022, huku waajiri wetu wa kila siku wakiwa halmashauri. Naunga mkono kila anayedai ajira zaidi. Ila ukiajiri watu mia waliofundishwa kusimama mlangoni, utapata fomu mara mia.

Ninachokidai mimi ni kwamba usimamizi wa fildi uhesabiwe kuwa kazi. Leo haumo katika majukumu ninayopimwa nayo. Siku ile niliyokaa na binti hadi jioni, mashauri matatu ya matunzo yalinisubiri ofisini, na kesho yake niliulizwa nilikuwa wapi. Msimamizi mwingine mwenye busara ya kulinda ajira yake angemtuma binti akafanye fotokopi. Halmashauri na vyuo vikae, vipange kwamba afisa mwenye wanafunzi ana siku zake maalumu za kutembea nao, na maoni yake yawe na uzito katika alama, si sahihi tu. Fildi iwe ya muhula mzima. Na kila mwanafunzi akabidhiwe familia moja ya kwenda na kurudi tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, hata kama nyumba nyingine zitabaki bila kujazwa. Nauli nayo itazamwe, kwa sababu wengi wasio na mkopo wanabaki kufanya fildi Dar es Salaam walipo shangazi zao, na hivyo Urambo na Sikonge hawazijui mpaka siku ya barua ya kupangiwa kituo.

Watasema fedha hakuna. Nimemweleza msomaji habari za mtoto wa stesheni. Gharama ile aliilipa yeye.

Msichana wa tumbaku alirudi. Ilichukua wiki mbili, simu nyingi kwa watendaji wa huko, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na safari moja ambayo bibi mwenyewe alisisitiza kwenda. Binti aliandika yote, lakini logbuku ina mistari minne kwa siku, ikabidi abandike karatasi za ziada. Mwalimu wake alipokuja kumkagua alikaa kwangu muda usiotosha kunywa chai, akahesabu nyumba, akakuta tatu badala ya kumi na mbili. Zile karatasi zilizobandikwa hakuzisoma. Nilimwomba azisome. Alisema basi linaondoka. Chuo sikitaji, maana angeweza kutoka chuo chochote. Alama alizompa binti yule ziliniuma kuliko kama angenipa mimi.

Mwezi wa saba unakaribia tena, na nimeshapokea barua ya chuo: nitaletewa wanafunzi wanne. Juzi nilipita kwa bibi kumwuliza kama atakubali mgeni mwingine. Msichana alikuwa uani anafua sare. Bibi alikubali, akauliza kama ni yule mtani wake. Nikasema hapana, huyu ni mwingine, kijana wa kiume kutoka Mbeya.

"Sawa," akasema. "Atakaa siku ngapi?"