Nani Atakata Marinda ya Bibi Salme?

Juzi alinijia mpwa wangu, mwalimu wa shule moja hapa Mombasa, amechoka hoi. Wanafunzi wake wataigiza maisha ya Sayyida Salme, bintiye Sayyid Said bin Sultan, na kila fundi cherehani aliyemwendea alimtaka kiolezo cha kukatia. "Mjomba," akanambia, "vya magauni ya malkia wa Ulaya nimepewa vitatu, viuno vimebanwa na sketi zimefura kama kuba. Cha jumba la Unguja hakuna aliye nacho."

Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana jambo lenyewe si la kuchekwa.

Bibi Salme alizaliwa katika jumba la Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Aliondoka 1866 na maisha yakamfikisha Ujerumani. Huko Hamburg alipigwa picha akiwa katika mavazi ya kwao, na kitabu chake cha 1886 kinaeleza jinsi wanawake wa jumbani walivyovaa. Basi sura ya vazi tunaijua. Lakini picha haina mgongo, wala haimwambii fundi kwapa lilikatwa vipi. Na vijana wetu wakisikia neno "marinda" hudhani ni mikunjo ya sketi tu. Hawajui kwamba palikuwa na suruali za mabibi wa kiungwana zilizoitwa kwa jina hilo.

Wako watakaosema huu ni mchezo wa watoto, na avae gauni lolote linalometameta. Mimi nasema la. Mtoto akimwona binti wa Sultani wa Unguja amevikwa vazi la Ulaya, atakua akiamini kwamba enzi na stara havikupata kukaa pamoja.

Ndugu msomaji, kiolezo kipo, ila hakikuandikwa karatasini. Kimo ndani ya maneno. Mwulize fundi mkongwe wa kanzu naye atakuhesabia: badani, taharizi za ubavuni, kikwapa cha kuupa mkono nafasi, sijafu, kaba ya shingoni. Kila neno ni kipande cha nguo. Vazi la kike lina mambo yake, lakini mlango wa kuingilia ni huo huo. Neno likifa, kipande kimepotea, na fundi hana tena pa kuanzia.

Waingereza walilitambua hilo. Mwaka 1964 Janet Arnold alitoa kitabu cha violezo vya nguo za wanawake wa kwao, tangu 1660 hadi 1860. Alizipima nguo kuukuu zenyewe, kipande kwa kipande, akazichora kwa vipimo. Leo anayetaka kushona gauni la enzi hizo hufungua ukurasa akakata.

Na sisi je? Nakiri kosa langu. Nyanya yangu aliacha marinda mawili kashani. Tulipohama nyumba, mimi mwenyewe niliyatoa yakafanywa matambara ya kufutia chemli. Sikupima hata upana wa mguu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami niliipoteza yangu kwa mikono yangu.

Kwa hivyo nawaomba wenye makasha. Kabla hamjamwuzia mtalii, itandazeni nguo mkekani, mwiteni fundi mzee akae kando, mpime kila kipande na mwandike jina lake. Msiifumue. Kazi hiyo haitaki fedha za serikali; yataka utepe wa kupimia, daftari na alasiri moja.

Mpwa wangu ameshaanza. Amempata bibi mmoja wa Mji wa Kale aliyehifadhi suruali moja ya marinda. "Pima, mwanangu," alimwambia, "lakini isitoke nyumbani." Mwalimu akapiga magoti mkekani, akapima. Nguo imebaki kwa mwenyewe, na kiolezo kimeingia daftarini. Mungu atujaalie madaftari mengine kama hilo kabla mabibi hawajatutoka.